Maneno ya jengo la nguzo: kipi ni kipi, na uchague kipi

Jengo la nguzo halina msingi wa ukuta. Nguzo zenyewe ndizo msingi, ndizo mifupa ya ukuta na ndizo zinazobeba paa. Mzigo wa paa unashuka ndani ya nguzo hadi ardhini, na upepo unaopiga ubavuni unazuiwa na udongo ulioishika nguzo miguuni. Ndiyo maana ghala, banda la mifugo au gereji ya aina hii husimama kwa siku chache na kwa zege kidogo. Ndiyo maana pia neno moja likieleweka vibaya jengo linaweza kulala chini.

Makadirio mawili yanaweza kuandikwa kwa maneno yaleyale, "nguzo za inchi 6, mapao, kenchi, bati", na yakawa ya majengo mawili tofauti kabisa. La kwanza lina nguzo zilizotiwa dawa kiwandani, zimekaa juu ya kitako cha zege. La pili lina nguzo zilizopakwa oili chafu na kusimamishwa juu ya udongo mtupu. Karatasi haisemi. Hapa tunalinganisha maneno yanayokuja jozi-jozi, tukianzia chini kwenda juu, na chini tutakaa muda mrefu zaidi: bati utalibadilisha wakati wowote, lakini nguzo iliyofukiwa huibadilishi bila kuegemeza paa zima.

Nguzo ya gogo, ya kupasuliwa, ya kuunga

Gogo ni mti mzima uliomenywa maganda. Nguvu yake ni kwamba dawa hupenya vizuri sehemu nyeupe ya nje ya mti, ilhali kiini hakinywi dawa. Kwenye gogo hiyo sehemu nyeupe imezunguka kiini kama koti, na kiini hakijaachwa wazi popote isipokuwa kwenye ncha mbili. Nyuzi za mti pia hazijakatwa, kwa hiyo kwa unene uleule gogo linavumilia zaidi kuliko mbao. Ubaya wake unauona siku ya kupiga mapao, yaani mbao za mlalo zinazoshika bati: halina ubapa, na linapungua unene kadiri linavyopanda. Fundi akichonga kwa tezo apate pa kulaza pao, anachonga dawa. Juu ya ardhi, chini ya paa, si hatari sana. Karibu na ardhi ni kukaribisha mchwa.

Nguzo ya kupasuliwa ni ya mraba, kwa kawaida sentimita 15 kwa 15. Kupigilia ni rahisi na timazi inasomeka. Ila nguzo iliyopasuliwa ikiwa na kiini katikati hupasuka na kujinyonga inapokauka, na ukuta wa bati unafuata mpindo huo. Angalia ncha yake kabla ya kununua. Kiini kikiwa kimejitokeza upande mmoja, upande huo haukunywa dawa. Kuna mtego mwingine: gogo lililotiwa dawa kwanza, kisha likapasuliwa. Msumeno umeondoa koti lote, na kinachouzwa ni kiini chenye rangi ya kijani pembeni.

Nguzo ya kuunga ni mbao tatu za inchi 2 kwa 6 zilizobanwa pamoja kwa misumari, bolti au gundi. Hunyooka kuliko zote, na mbao ya katikati inaweza kuachwa fupi juu ili kenchi, fremu ya pembetatu inayobeba paa, iingie katika mfereji. Kiwandani mara nyingi sehemu ya chini tu ndiyo yenye dawa, na huungwa na mbao kavu juu. Viungo hivyo lazima vipishane, visikae vyote kwenye mstari mmoja. Iliyobanwa kwa misumari ina upande wenye nguvu na upande legevu: kingo za mbao zielekee upepo, yaani upepo usukume mbao kwa upana wake. Ukiigeuza robo, mbao tatu zinateleza moja juu ya nyingine na nguzo inapinda kama rundo la karatasi.

Kwa banda lililo wazi pande zote, chukua gogo bila wasiwasi. Kwa jengo litakalofungwa bati au mbao pande zote na kuwekwa milango, nguzo ya kuunga inalipa. Ikikosekana, chukua ya kupasuliwa iliyokauka.

Dawa ya kupaka na dawa ya kusukuma

Hapa hakuna mjadala mrefu. Dawa ya kupaka kwa brashi hukaa juu ya ngozi ya mti. Dawa ya kusukuma huingizwa ndani ya mti kwa shinikizo, mti ukiwa umefungiwa katika mtungi wa chuma. Nguzo ya kuzikwa inataka ya kusukuma, na tena si kiwango chochote. Kwa dawa ya CCA, mchanganyiko wa shaba, kromu na aseniki, viwango vya Marekani hutaka kilo 6.4 za dawa kwa kila mita ya ujazo ya mti kwa matumizi ya kawaida ya kugusa ardhi, na kilo 9.6 kwa nguzo zinazobeba jengo. Maneno "ina dawa" peke yake yanaweza kumaanisha mti uliotiwa dawa kwa ajili ya mapao ya juu. Dai namba.

Ukikata nguzo, kata upande wa juu. Ncha ya kiwandani ndiyo ishuke shimoni, kwa kuwa kila mkato unafungua kiini kisicho na dawa. Palipokatwa au kutobolewa pakwe dawa ya shaba mara mbili. Vipande vya CCA visichomwe, hata kwa kupikia: aseniki hubaki kwenye majivu na nyingine hutoka na moshi.

Kuzika nguzo au kuikalisha juu ya zege

Jozi hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayochanganywa zaidi. Kuzika ni kuishusha nguzo ndani ya shimo, mara nyingi mita 1.2. Kukalisha ni kumwaga nguzo fupi ya zege hadi juu kidogo ya ardhi, kisha kufunga mguu wa nguzo ya mbao kwa chuma na bolti.

| | Kuzikwa | Kukalishwa |
|---|---|---|
| Mbao kugusa udongo | Inagusa | Haigusi |
| Zege | Kidogo | Nyingi, pamoja na nondo |
| Kuzuia upepo wa ubavuni | Udongo unaishika nguzo | Mguu hufanya kama bawaba |
| Makosa ya vipimo | Unaweza kusogeza kabla ya kufukia | Bolti ikikosea, umekosea |
| Kubadilisha nguzo baadaye | Kazi kubwa | Fungua bolti, egemeza paa |

Mstari wa tatu ndio unaosahaulika. Mtu anasikia kwamba mbao isiguse udongo, anakalisha nguzo zote juu ya zege, halafu anajenga juu yake kama vile bado zimezikwa. Vyuma vingi vya miguu havizuii nguzo kuinama. Vinazuia tu isiteleze na isinyanyuke. Jengo linapoteza ukaidi wake wote dhidi ya upepo, na nguvu hiyo lazima itoke kwingine: mbao za mshazari, kuta za bati zilizofungwa sawasawa, au chuma cha mguu kilichotengenezwa maalumu kuzuia kuinama. Kama jengo litakuwa wazi mbele kwa ajili ya magari au matrekta, hakuna ukuta wa kukusaidia upande huo. Hapo kuzika ni bora.

Kalisha pale ambapo maji ya chini yako karibu, udongo ni wa kutota muda mwingi wa mwaka, au jengo litawekwa sakafu na dari na kutumika miaka mingi. Zika pale udongo ulipo mgumu, maji yanakimbia, na nguzo ni za kilo 9.6. Na kina kipimwe kutoka kwenye ardhi asilia. Kama umejaza kifusi cha sentimita 50 kusawazisha mteremko, shimo la mita 1.2 limeingia sentimita 70 tu kwenye udongo wa kutegemewa. Kwenye nchi za baridi kali kitako hushushwa chini ya tabaka linaloganda, vinginevyo barafu huinua nguzo.

Kitako cha zege si kola ya zege

Fundi akikwambia "tutaweka zege kwenye shimo", muulize: chini ya nguzo au kuizunguka? Ni vitu viwili vyenye kazi mbili. Kitako, kilicho chini, kinazuia nguzo isititie. Kola, inayoizunguka, inazuia nguzo isinyanyuliwe wala kusogea kando.

Hesabu fupi inaonyesha sababu. Chukua jengo la upana wa mita 9, nguzo kila mita 3. Nguzo ya ukutani isiyo ya kona inabeba paa la mita 4.5 kwa 3, yaani mita za mraba 13.5. Ukikadiria kilo 75 kwa kila mita ya mraba, paa pamoja na mafundi walio juu yake, nguzo ina tani moja. Mguu wa sentimita 15 kwa 15 unaisukuma tani hiyo kwenye eneo dogo kiasi kwamba udongo unapata tani 44 kwa kila mita ya mraba. Udongo wa mfinyanzi wa kawaida hukadiriwa kubeba kama tani 7. Nguzo itazama, tena haitazama sawa na jirani yake, na mgongo wa paa utakuwa wa mawimbi. Weka kitako cha duara cha sentimita 45: mzigo unashuka hadi tani 6.3.

Sasa upepo. Wa kilomita 108 kwa saa una msukumo wa takribani kilo 55 kwa kila mita ya mraba, na banda lililo wazi linaweza kuupokea karibu wote chini ya paa. Kwa mita zetu 13.5 ni kilo zaidi ya 740 zikivuta juu. Paa la bati na mbao zake lina uzito wa kama kilo 15 kwa mita ya mraba, jumla 200. Kilo 540 zilizobaki zinataka kung'oa nguzo, na kitako hakisaidii lolote kwa kuwa nguzo imekikalia tu. Kola ndiyo inayozuia, kwa uzito wake na kwa kuukaba udongo ulioizunguka.

Kwa hiyo shimo moja lililofanywa vizuri huenda hivi. Chimba kipenyo cha sentimita 45, kina cha mita 1.4. Toa udongo wote uliolegea chini, maana kitako juu ya vumbi ni kitako juu ya mto wa kulalia. Mwaga zege unene wa sentimita 20, kama lita 32, uache ikauke. Kwenye mguu wa nguzo pitisha nondo mbili za milimita 12 zinazotokeza kila upande, au pigilia vipande viwili vya mbao yenye dawa. Bila hivyo nguzo itateleza ndani ya kola yake kama kisu kwenye ala. Simamisha, pima kwa timazi pande mbili, funga mihimili ya muda, kisha mwaga kola ya sentimita 40, lita 55 hivi, uzito wa kilo 130. Juu yake jaza changarawe au udongo uleule kwa matabaka ya sentimita 15, ukishindilia kila tabaka.

Kwa nini zege isipande hadi usawa wa ardhi? Kwa sababu mti hupungua unapokauka, na kati ya zege na mti panabaki ufa mwembamba unaokusanya maji ya mvua. Nguzo huozea sentimita 30 za kwanza chini ya ardhi, palipo na unyevu na hewa kwa pamoja. Kule chini kabisa, hewa ni chache na kuoza huenda polepole. Ukilazimika kupandisha zege hadi juu, ipandishe kidogo zaidi ya ardhi na uso wake uteremke kuondoka kwenye nguzo.

Nafasi ya nguzo: mita 2.4 au 3.6

Nafasi hupimwa katikati ya nguzo hadi katikati ya nguzo, si kutoka ubavu hadi ubavu. Kutoka 2.4 kwenda 3.6 unaokoa theluthi ya mashimo, na hesabu inapendeza machoni. Lakini kila nguzo sasa inabeba mara moja na nusu, na pao lilelile la ukutani linapata msukumo wa kuvunjika mara 2.25. Kupinda kwake ndiko kunakotisha: mara 5. Kwa hiyo nafasi pana haiji peke yake, inakuja na mapao mazito, kenchi nzito na kitako kipana. Mtu akikupa nafasi ya 3.6 na mbao za unene wa nafasi ya 2.4, amepunguza bei kwa kupunguza jengo.

Pao bapa au pao la kusimama

Mapao ya ukuta hulala mlalo kutoka nguzo hadi nguzo, ndiyo yanayoshika bati la ukutani. Mapao ya paa, au papi, ni ya juu ya kenchi. Usiagize kwa neno "mapao" tu, maana vipimo na mzigo havifanani.

Pao bapa hupigwa juu ya uso wa nje wa nguzo. Haraka, nyepesi, haihitaji kukata urefu kamili. Pao la kusimama huingizwa katikati ya nguzo mbili kama ubao wa rafu, upana wake ukielekea ndani. Mbao ya 2 kwa 6 ikiwekwa hivi ina nguvu mara 3 ya ilivyo ikiwa bapa dhidi ya upepo, na ukakamavu mara 9. Isitoshe inakupa mahali pa kuweka kizuia joto na kupigilia ukuta wa ndani bila fremu ya pili. Gharama yake ni kazi: kila kipande kinakatwa kwa kipimo chake na kinataka kishikio cha chuma au kipande cha kukikalia. Ghala la majani halihitaji. Karakana utakayoshinda ndani, chagua ya kusimama.

Pao la chini kabisa lina jina lake na hesabu yake: ubao wa chini, unaogusa ardhi, unaozuia kifusi na kutumika kama kingo ya kumwagia sakafu. Huu uwe na dawa ya kugusa ardhi. Mara nyingi unapigwa wa kawaida kama mapao mengine, na ndio unaoliwa kwanza.

Kombamoyo au kenchi

Kombamoyo ni mbao moja inayopanda kutoka ukutani hadi kwenye mgongo wa paa. Makombamoyo mawili yanayoegemeana husukuma nguzo nje, na bila mbao ya kuyafunga chini, kuta hufunguka. Kenchi ni pembetatu kamili: mbao ya chini inavuta, za juu zinasukuma, nguzo inapokea uzito wa wima tu. Kwa upana wa mita 4 au 5, kombamoyo lenye mbao ya kufunga linatosha. Ukizidi hapo nenda kwenye kenchi, na usikubali fundi akate mbao ya chini eti apate nafasi ya mlango mrefu.

Kenchi inakaa wapi? Ikikaa ndani ya bega lililokatwa juu ya nguzo, mti unaubeba mti na bolti zinashikilia tu isinyanyuke. Ikikaa juu ya boriti iliyofungwa ubavuni mwa nguzo, mzigo wote unaning'inia kwenye bolti au misumari. Boriti inakuruhusu kupanga kenchi karibu-karibu bila kufuata nguzo, jambo zuri kama unataka dari. Ila hesabu bolti zake. Misumari minne kila nguzo haitoshi kwa tani moja.

Mbao za mshazari ni jozi nyingine yenye mkanganyiko. Mshazari wa ukutani, kutoka juu ya nguzo moja hadi chini ya nyingine, ni salama kila mahali. Mshazari wa goti, kutoka nguzo hadi mbao ya chini ya kenchi, unaonekana kuimarisha, lakini kenchi isiyohesabiwa kwa ajili yake inaweza kuvunjika pale goti linaposukuma. Muulize aliyebuni kenchi kabla ya kupigilia.

Urefu wa upenu na urefu wa ndani

Mita 3.6 za kwenye karatasi kwa kawaida ni urefu wa upenu, kutoka ardhi hadi pale paa linapoanza. Toa sentimita 10 za sakafu iliyoinuka juu ya ardhi, toa sentimita 20 za kisigino cha kenchi, yaani unene wake pale inapokalia nguzo, umebaki na 3.3. Mlango wa kukunja juu unataka tena sentimita 30 hadi 40 kwa ajili ya reli yake. Gari la mita 3.2 halitapita. Andika urefu wa ndani unaotaka, ndio upandishe hesabu kutoka hapo. Upana nao hivyohivyo: wa nje ya nguzo, au wa nje ya mapao? Mapao bapa ya inchi 2 pande zote mbili ni sentimita 10, na kenchi iliyoagizwa kwa kipimo kisicho chake haikai.

Bati

Geji kubwa ni bati jembamba, na geji za viwanda tofauti hazilingani. Nunua kwa milimita, ukiuliza kama unene ni wa chuma chenyewe au pamoja na zinki na rangi. Mwinuko wa 3 kwa 12, yaani kupanda 3 kwa kila 12 za mlalo, kwenye jengo letu la mita 9 unapandisha mgongo mita 1.125, wa 4 kwa 12, mita 1.5, na kila shiti linaongezeka sentimita 10 tu. Kwa tofauti hiyo ndogo, paa kali zaidi linamwaga maji haraka na viungo havivuji.

Msumari hupigwa mgongoni mwa bati, na miaka ikienda joto na baridi huung'oa kidogo kidogo. Skrubu yenye washa ya mpira hushika mbao kwa meno, na kwa mabati mengi ya migongo iliyosimama huwekwa kwenye bonde, bati likiwa limekalia pao. Ikipigwa mgongoni, chini pana utupu, mpira haubanwi sawasawa na skrubu inayumba. Kaza hadi mpira uchungulie kidogo tu pembeni mwa kofia ya chuma. Ukivimba na kutoka nje umekaza kupita kiasi, utapasuka kwa jua. Ukizungushika kwa kidole, mvua ya kwanza itaingia hapo.